Nyuzi Tisini na Tano

Swali la nne, sifuri. Swali la nne, sifuri. Mwalimu wa sayansi aliisoma karatasi ya matokeo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha walimu, akaisoma tena akiwa amekaa, kana kwamba kukaa kungeibadilisha. Wanafunzi sitini na nane, sifuri juu ya sifuri, mpaka chini ya ukurasa. Isipokuwa mmoja. Yule waliyembandika jina la Bwana Likizo, ambaye siku ya jaribio hata shuleni hakufika, akanakili jibu kutoka daftari la zamani la kaka yake. Huyo kapata alama tatu kwa tatu.

"Huyu hata sufuria hakuiona!" Mwalimu alifoka.

Mwalimu wa historia, aliyekuwa akimenya chungwa kwenye meza ya pili, hakuinua uso. "Ndiyo maana kafaulu, ndugu yangu. Walioiona ndio waliopotea."

Jaribio lenyewe, lililofanywa darasani na majibu yake kupelekwa kwa msahihishaji wa mtihani, halikuwa na makuu: chemsha maji, tia kipimajoto, andika yanachemka kwa nyuzi ngapi. Kitabu kinasema mia. Lakini mji ule umekaa juu, hewa yake nyepesi, na maji ya huko huchemka kabla hayajafika mia. Yalichemka kwa tisini na tano. Mwalimu alifurahi siku ile kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Alikuwa ametoka warshani, siku tano za kufundishwa mtaala mpya, akarudi na maneno yake moyoni: mwanafunzi asimezeshwe, aone mwenyewe, apime mwenyewe, ajijengee maarifa. Wenzake walicheka. Yeye aliamini. Akawaambia wanafunzi wake, "Andikeni mlichokiona, msiandike kilichoandikwa." Wakaandika. Kisha msahihishaji, huko aliko, akafungua mwongozo wake wenye mia, akawafyeka kama nyasi.

Wengi haikuwadhuru. Waliokuwa juu walibaki juu, waliokuwa chini hawakuwa na pa kuangukia. Aliyeumia ni msichana mmoja, mwembamba, msemi wa maneno machache yenye ncha, wenzake wakimwita Sindano. Shule ya sayansi ilitaka alama sitini. Sindano alikuwa na hamsini na nane. Orodha ilikuwa inafungwa leo, saa kumi alasiri.

Pale getini mama yake alimsubiri Mwalimu, bado amevaa aproni ya kazini, kwani alikuwa dobi wa hospitali na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni.

"Mwalimu, mwanangu kakosa nini? Niambie tu, nitamkanya."

"Hajakosa kitu, mama."

"Mtu hakosi kitu halafu akanyimwa nafasi?"

Mwalimu alimpita mama wa watu kwa haraka. Akapiga hatua kuelekea ofisi ya elimu, kipimajoto kikiwa mfukoni mwa shati kama kalamu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye makabati yaliyoshiba mafaili mpaka milango yake haifungiki. Afisa wa mitihani alikuwa mzee mnene, mtaratibu, mwenye birika la umeme kando ya dirisha na kikombe kimoja tu, maana hakupenda wageni wakae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni lile la maji, siyo? Keti, usinisimamie kama deni."

Mwalimu akaeleza. Mji uko juu, hewa nyepesi, kitabu kimeandikwa kwa ajili ya walio usawa wa bahari, na msichana mmoja anakosa nafasi kwa alama mbili. Mzee alimsikiliza huku akipanga klipu za karatasi kwa ukubwa wake.

"Mzee, mtaala mpya unasema mwanafunzi ajenge maarifa mwenyewe."

"Ajenge, nani kamkataza? Lakini ajenge mpaka afike mia."

"Na kama hayafiki mia?"

"Basi hajamaliza kujenga."

Damu ilimpanda Mwalimu. Hakuomba ruhusa. Alibonyeza swichi ya birika, na wote wawili wakalisikiliza linavyovuma, kisha likakoroma, kisha likarusha mvuke kwenye kioo. Akafungua kifuniko, akatumbukiza kipimajoto.

"Njoo usome, mzee. Kwa macho yako."

Mzee akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Kipimajoto chako kibovu."

"Kiko kingine kabatini mwako, kile cha maabara ya wilaya. Kitoe."

Kikatolewa, kikapanguswa vumbi. Tisini na tano.

"Basi maji yetu ndiyo mabovu," mzee alisema, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Kijana wangu, unadhani mimi sijui? Nimekunywa chai ya birika hili miaka tisa. Lakini mimi sisahihishi maji. Nasahihisha karatasi, na karatasi zina mwongozo, na mwongozo nimeletewa. Nikikubali tisini na tano yako, kesho yule wa bondeni ataniletea tisini na nane, na keshokutwa mvivu ataniletea arobaini, aseme ndicho alichokiona. Nitamkatalia kwa hoja gani?"

"Utakwenda kuona."

"Shule mia mbili na kumi, kijana. Na gari halina tairi."

Akavuta droo, akatoa fomu yenye muhuri pembeni. Ya marekebisho. Mwanafunzi anarudia jaribio, anaandika jibu, mwalimu anatia sahihi kwamba ameshuhudia.

"Mwite huyo mmoja anayeumia. Fomu iwe hapa kabla ya saa kumi."

"Atarudia maji yaleyale, mzee. Atapata tisini na tano ileile."

"Mimi sikukuambia atapata ngapi. Nimekuambia mwongozo unataka ngapi."

Mwalimu aliteremka ngazi akitukana kimoyomoyo, matusi yenye vina, maana hasira yake ilikuwa na mpangilio. Njia nzima alitunga hotuba ya kumpa Sindano: kwamba ukweli haupigiwi kura, kwamba leo analazimishwa kuinama lakini asije akazoea kuinama. Ilikuwa hotuba nzuri. Alipofika darasani hakupata nafasi ya kuitoa.

"Niandike mia?" Sindano aliuliza, kalamu tayari mkononi. Alikuwa ameshaelewa baada ya sentensi mbili tu.

"Wewe... haikuudhi?"

"Iniudhi nini, Mwalimu? Wewe ulitaka tisini na tano, nikakuandikia. Wao wanataka mia, nawaandikia mia."

"Mimi nilitaka? Wewe si uliona mwenyewe!"

Msichana alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma.

"Mwalimu, tulikuwa sitini na saba siku ile. Sufuria moja, kipimajoto kimoja. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Niliona migongo. Waliokuwa mbele wakapiga kelele, wewe ukaandika tisini na tano ubaoni, kubwa hivi, ukaipigia mstari mara mbili. Tukanakili."

Mwalimu akageuka kuutazama ubao, kana kwamba tarakimu zile zingekuwa bado pale zimsute. Siku tano za warsha. Alikuwa amewaambia waache kumeza, kisha akawalisha kwa kijiko chake mwenyewe, akaona fahari.

"Weka kalamu chini," alisema.

"Saa tisa na robo, Mwalimu."

"Weka chini."

Akawasha jiko la mafuta ya taa, akabandika sufuria, akampa kipimajoto ashike mwenyewe. Sindano aliinama mvuke ukimpiga usoni. Themanini. Tisini. Maji yakaanza kutokota.

"Tisini na tano," alisoma. Akasubiri. "Haipandi."

"Mh."

"Ongeza moto."

Mwalimu akaongeza. Maji yalipandwa na wazimu, yakaruka mpaka ukingoni, na uzi mwekundu ndani ya kioo haukutikisika. Sindano akacheka peke yake, kicheko ambacho Mwalimu hakuwahi kukisikia kwake.

"Moto wote huu unakwenda wapi? Mbona inagoma?" Akakunja uso. "Na huyu aliyeandika kitabu, yeye alichemshia wapi?"

Kwa muda mfupi Mwalimu alisahau fomu, akasahau saa. Miaka yake yote ya ualimu alikuwa hajaulizwa swali kama lile. Alifungua mdomo ajibu, macho yake yakaangukia ukutani. Saa tisa na dakika thelathini na nane. Ofisi ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano.

"Tutaliongea. Sasa andika."

"Ngapi?"

"Unajua ngapi."

Sindano alichukua kalamu, ikabaki hewani juu ya karatasi. Nusu saa iliyopita angeandika bila kupepesa macho.

"Lakini nimeona."

"Najua umeona. Andika, mwanangu, muda unakwenda."

"Wewe si ulisema tuandike..."

"Nilisema! Andika!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Msichana aliinamisha kichwa.

"Mwalimu," alisema taratibu, "ungeniacha niandike kabla sijaona."

Akaandika. Moja, sifuri, sifuri, kwa mkandamizo uliotoboa karatasi. Chini yake, palipoandikwa *Nimeshuhudia*, Mwalimu akatia sahihi yake, herufi zote, bila kufupisha. Kisha akakimbia.

Alifika saa kumi kasoro dakika tatu, jasho likimtiririka. Mzee alikuwa akinywa chai. Akaipokea fomu, akapitisha jicho kwenye ile mia tu, akagonga muhuri, akaandika jina la msichana mwisho wa orodha.

"Unaona? Jambo dogo." Akaigeuza fomu kwenye mwanga, akakuna kidevu. "Tena umenifaa. Nilikuwa natafuta mfano wa kupeleka juu, kwenye taarifa ya mtaala mpya. Mwanafunzi amerudia jaribio mwenyewe, amejisahihisha mwenyewe. Nitaiambatanisha hii. Na jina lako nitaliweka, usihofu."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, zito, la kupasua chumba. Orodha ilikuwa wazi baina yao, wino wa jina la mwisho haujakauka, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwa mzee.

"Asante, mzee," alisema.