Ianze Tarehe Ngapi?

Gari aliloniachia marehemu mume wangu lilikaa bandani tangu tulipomzika. Viti vyake ni vya kahawia, na cha nyuma kilipasuka upande wa dirisha, nikakishona mwenyewe kwa uzi mweusi, mshono wa kurudia mara mbili. Juzi juzi binti yangu kitindamimba, anayeishi mbali pamoja na watoto wake, aliniambia kwenye simu, "Mama, kungekuwa na usafiri wa kuzungukia huko, ningekuja na wanangu." Kesho yake nikamwita fundi. Panya wakafukuzwa kwenye injini, betri ikanunuliwa mpya, gari likanguruma. Ikabaki bima.

Wakala wa bima alikuja nyumbani, kijana wa tai, viatu vimetapakaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa kuja, mke ameshazeeka."

Akacheka, akalizunguka gari akilipiga picha: mbele, nyuma, ubavu huu na huu, mpaka namba iliyogongwa kwenye injini. Jirani yangu, dereva mstaafu tunayemwita Breki kwa jinsi anavyoendesha, alisimama pembeni akimsimamia kama vile gari ni lake.

"Bima ndogo, bibi, ukimgonga mtu, analipwa yeye, wewe unajibeba. Kubwa, hata wewe unalipwa."

"Nipe kubwa. Anayekuja kuliendesha ni mwanangu."

"Kwa gari la umri huu watakupa ndogo tu."

"Afadhali gari," Breki akadakia. "Huyu bibi hata ndogo wasingempa."

"Kalale, wewe!"

Wakala akafungua karatasi zake juu ya boneti. "Sasa, ianze tarehe ngapi? Ikianza leo na gari limelala, siku zako zinaliwa bure. Mwanao anafika lini?"

Miaka yote tangu mazishi, sijawahi kumuuliza mwanangu anakuja lini. Nilimuuliza watoto, nilimuuliza kazi, nilimuuliza kama mvua imenyesha kwao. Hilo la lini nililikwepa kama mtu anavyokwepa shimo njiani. Nilijiambia kwamba asiyeulizwa hajakataa.

"Nipe namba yake, nimuulize mwenyewe," wakala akasema, naye hana habari. Simu akaiweka kwa sauti, tukaisikia sote.

"Dada, habari za kazi. Niko kwa mama yako, namkatia gari bima. Niandike ianze tarehe ngapi?"

Nilisikia mfuniko wa sufuria, na mtoto akikohoa.

"Gari limepona?"

"Linanguruma, dada."

"Mama yuko hapo?"

"Nipo, mwanangu."

"Mama, ile siku nilisema tu. Nilijua halitatembea tena." Akavuta pumzi. "Nikiondoka kazini wiki moja, nikirudi nakuta mtu kwenye nafasi yangu."

"Na watoto?"

"Wanakutaja. Huyu mdogo anadhani bibi ni simu."

Wakala akainama kutazama tairi ambazo alishazitazama. "Bibi, tuache kwanza?" akaninong'oneza. "Sijaandika kitu."

Nikaisogelea simu. "Hapo kwako pa kulala papo?"

"Chumba kimoja, mama. Tunalala kama njiti za kiberiti."

"Kiberiti hakikosi nafasi ya njiti moja."

"Njia ndefu, mama. Na mgongo wako?"

"Mgongo ni wangu, sijauazima kwa mtu."

Nikamgeukia Breki. Hakungoja niseme. "Leseni yangu iko hai," akasema, "ila mafuta unajaza wewe, na tusiharakishane."

"Nani aliwahi kukuharakisha wewe?"

Wakala akaandika jina la Breki penye dereva, kalamu ikasimama penye tarehe ya kuanza. "Tarehe, bibi?"

"Kesho kutwa. Kesho nafua."

Mwanangu alikuwa bado yupo hewani. Hakusema njoo, wala hakusema usije.

"Mama," akasema baadaye, sauti imepungua, "ukifika, mdogo usimnyanyue haraka. Huwa analia akiona wageni."

"Sawa," nikasema. "Nitakaa chini kwanza, anizoee."