Kura ya Masufuria ya Msiba

Ndoto ya usiku wa kuamkia leo ilinikuta ugomvi umeshafika katikati. Nikaingilia hapo hapo, maana maneno nilikuwa nayajua. Ndiyo yale yale tuliyogombania jana mchana.

"Masufuria hayatoki!" anasema Hadia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mkubwa wa chama chetu cha akina mama. "Siwatu hajatia mguu kwenye msiba wa mtu. Leo kafiwa na mama yake, ndiyo anatujua?"

Yuko uani kwangu, anaongea na ukuta. Siwatu kasimama mlangoni, kanga kichwani, na Hadia kampa mgongo.

Vyombo vya chama vinakaa stoo kwangu, ufunguo ninao mimi. Bila vyombo hakupikwi, na pasipopikwa watu hawakai. Mama wa watu angezikwa na wabeba jeneza tu, halafu binti yake abaki na kuta.

"Ni vibaya, Hadia," nikasema. Nilisema kwa kuchoka, maana hata mimi nina langu. Alipofariki mume wangu, Siwatu alifunga dirisha, eti tunampigia kelele.

"Vibaya kwa nani? Tumekubaliana sote asusiwe. Watu wakishakubaliana, si vibaya tena."

Sufuria kubwa kuliko yote likatoka stoo lenyewe, likakaa jamvini, likafunua mfuniko. "Kama ni makubaliano, basi tupige kura," likasema, kwa sauti ya mtu aliyekatiziwa usingizi. "Tuanze na jambo dogo. Wizi."

Akina mama wamejaa uani, sijui wameingia saa ngapi. Mimi nyumba ikijaa moyo hutulia, nikaulizia chai. Mikono ikapanda, wizi ukawa mzuri, kuanzia ukuta wangu mpaka barabarani. Ng'ambo ya barabara walikuwa hawajakaa kikao.

Akapita mwanamume na mbuzi wa wizi begani. Upande wetu tunamwamkia, "Shikamoo mzee." Akivuka, wanamfukuza kwa mawe. Akirudi, tunampa kiti. Akaenda na kurudi mpaka mbuzi akasema, "Jamani, niteremsheni. Mimi nina mwenyewe."

"Mbuzi hana kura," akasema Hadia.

"Sawa," likasema sufuria. "Sasa lile lenyewe. Wanaosema kumsusia Siwatu si vibaya, mikono juu."

Ikapanda yote. Wangu pia ulipanda, nilikuwa nimechoka kubishana.

"Imepita."

Tukamgeukia Siwatu. Analia.

"Hajasikia huyo," akasema Hadia. "Mwambieni imepita."

Tukamwambia. Analia. Tukapiga kura upya, safari hii na miguu, kila mtu kalala chali miguu juu. Ikapita zaidi. Siwatu analia vile vile, wala sauti haikupungua.

Sufuria likanigeukia mimi. "Wewe uliyesema ni vibaya, ulijuaje?"

"Bibi yangu aliniambia."

Kumbe bibi yangu yuko nyuma yangu, kwenye foleni. "Mie kaniambia bibi yangu," anasema, anaonyesha nyuma. Yule naye anaonyesha nyuma. Foleni ya mabibi imetoka uani, ikapita sokoni, ikaingia korido ya hospitali, ikatokea kwenye shamba la mkonge. Naifuata. Kila mmoja namwamkia, kila mmoja ananiuliza watoto hawajambo. Magoti yananiuma. Nataka nifike tu mwisho, nikute jiwe limeandikwa, nimpelekee Hadia, nikalale.

Mwisho wa foleni hakuna jiwe. Yupo binti mbichi, anapika wali kwenye chungu. Mbele yake mwanamke mmoja kafiwa.

"Shikamoo," nikamwambia binti, maana kwa foleni ilivyokwenda ni bibi yangu. "Nani kakwambia upike?"

"Hakuna. Nyuma yangu hakuna mtu."

"Sasa ulijuaje?"

"Nilimtazama yule."

"Ukaona nini?"

"Mtazame na wewe."

Nikamtazama. Anapanga vikombe vya watu ambao hawajaja. Anapanga, anatazama njia, anavipanga upya. Kura haikunijia hata akilini.

"Alikuja kwenye msiba wako?" nikauliza.

"Thubutu! Alinifungia mlango."

"Na unampikia?"

"Nampikia na hasira zangu, mpaka leo sijamsamehe."

"Na Hadia, mbona yeye haoni?"

"Haoni? Mbona kutwa nzima kaongea na ukuta? Angekuwa haoni angemgeukia Siwatu. Hebu shika mwiko, mkono umenifa ganzi."

Nikashika. Wali wa watu wengi ni mzito. Ukatokota, ukaruka, ukaniunguza kiwiko.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Kiwiko kinawaka moto, chekundu, na katikati ya wekundu imenata punje moja ya wali, inatoa mvuke. Jana kwangu tulikula muhogo.

Mlango ukagongwa. Ni Hadia.

"Nimekuja kuhakikisha hujafungua stoo," akasema. Macho yake ya mtu ambaye hakulala. Akakiona kiwiko. Akaibandua ile punje kwa ukucha, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu kama aonjavyo akiwa mpishi wa shughuli.

"Imeiva," akasema. "Wali wa msiba wa nani huu?"

"Wa mama yake Siwatu."

"Siwatu huyu aliyekufungia dirisha?"

"Huyo huyo. Na bado nina hasira naye."

Akageuka kutazama ng'ambo ya barabara. Siwatu yuko barazani kwake peke yake, anatandika jamvi. Analikunja, analisogeza ukutani, analitandika tena. Hadia akasimama anamtazama, muda mrefu, wala hakugeuza uso.

"Yale masufuria mazito," akasema mwishowe. "Peke yako huyawezi."

"Siyawezi."

"Na mimi tangu jana chakula hakinipiti."

"Ingia basi, mwenzangu," nikamwambia. "Muhogo upo, chai iko motoni. Ule kwanza."