Maji ya Kupigia Plasta

Mwenye nyumba alipiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, na mke wangu akamwitikia, "Karibu, karibu ndani." Neno lilimtoka kwa mazoea. Mimi nilikuwa nakula, nikarudisha tonge sahanini.

Tulimjua kwa picha yake iliyobaki ukutani, ambayo hatukuwahi kuthubutu kuitoa. Mapigano yalimfukuza yeye kutoka upande huu na sisi kutoka upande ule. Nyumba yetu ilichomwa, tukaingia yake. Hilo halikuwa kosa, kila mtu alijisitiri alipoweza. Sasa kumetulia, waliochomewa wanajengewa nyumba mpya kule mlimani, na makubaliano yanajulikana: ukishapata yako, unampisha mwenyewe.

"Sikuja kuwafukuza, dada," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti chake kama mgeni. "Ila tunalala darasani, mimi, mume wangu na mama mkwe, na shule inafunguliwa Jumatatu. Yenu imefikia wapi?"

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua macho. "Bado, dada yangu. Haijapigwa plasta hata chumba kimoja. Muulize fundi."

Fundi ni mimi. Mimi ndiye ninayezijenga hizo nyumba. Kazini wananiita Timazi, kwa sababu nikiona ukuta umepinda hata kidogo siwezi kunyamaza. Yetu niliimaliza mwezi uliopita, plasta, rangi, kitasa, kila kitu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu pale pale nilipokaa. Lakini kule maji ni ya kufuata bondeni, na wateja wa mke wangu wako huku barabarani. Tukawa tunaambiana tuvute siku kidogo.

"Bado," nikasema. "Saruji inasumbua." Kisha nikatia chumvi, nikaanza kulalamikia mchanga. Hakuna aliyeniuliza habari za mchanga.

Akatupa pole. Pole, sisi! Akaitazama picha yake, akaaga, akaondoka bila kuigusa.

"Ulitaka niseme nini?" mke wangu akaniuliza. Nilikwenda kunawa mikono, nikanawa mpaka nikajishtukia.

Kesho yake nilikuwa juu ya ngazi kule mlimani, kwenye nyumba ya jirani yetu mtarajiwa, nikawaona wanapanda. Mwenye nyumba na mumewe walikuwa na ndoo kichwani. Mama mkwe alichechemea nyuma yao na dumu dogo. Mume alishika mwiko wa kuazima.

"Fundi!" aliita huku anahema. "Tumeona hatuwezi kukaa tu tunakusubiri. Tukishikana, leo hii tunapiga vyumba vyote. Maji tumekuja nayo, tumesikia huku ni shida. Yako ni ipi?"

Kabla sijapata uongo mwingine, fundi mwenzangu akaropoka kutoka chini, "Ya Timazi? Si ile yenye mlango wa buluu! Ile mbona imekwisha siku nyingi?"

Nilishuka ngazi nikitamani ardhi ipasuke inimeze, nikawafuata mpaka kwenye ule mlango wa buluu. Ukuta wangu ulikuwa umenyooka, hauna hata ufa, na kwa mara ya kwanza kazi yangu nzuri ilinitia aibu. Yule mama mkwe aliupapasa kwa kiganja, pole pole, kutoka kona mpaka kona. Mwanawe akauficha mwiko nyuma ya mgongo, utadhani yeye ndiye aliyefumaniwa.

Nikatoa ufunguo, nikafungua mlango. Mwenye nyumba hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliingia, akapita vyumba vitupu mpaka jikoni, akaliona pipa letu jipya halina kitu. Akamimina ndoo yake yote. Akapokea ya mumewe, akamimina. Akamalizia na dumu la mama mkwe.

"Mkihamia leo," alisema, akijifuta jasho kwa ncha ya khanga, "mtakuwa na ya kuanzia."