Jino la Shemeji Diwani

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni diwani, na mdomo wake haupumziki hata akila. Siku ya kikao cha halmashauri aliamka na shavu kama ameficha limau. Nikamkokota hadi zahanati kwa daktari wa meno.

Kwenye benchi hakunyamaza. "Leo ule mpango nauzima, shemeji. Halmashauri imlipie daktari huyu mkopo wa chuo kwa kodi zetu? Fundi viatu hakusoma, naye achangie? Na mwanangu aliyelipa wa kwake mpaka senti ya mwisho, nimwambie nini?"

"Mwambie akae hapa miaka mitano akichungulia midomo kama wako, naye arudishiwe zake. Hiyo si sadaka, ni kazi. Mpango ukifa leo, mwezi ujao daktari anahama. Hospitali binafsi ya mjini imeshamwahidi kumlipia deni."

"Aende! Watakuja wengine."

"Kama walivyokuja wakati ule ulipong'olewa jino na fundi baiskeli?"

Hapo akalishika shavu. Fundi yule aling'oa jino zima, bovu akaliacha.

Tukaitwa. Daktari akamdunga sindano ya ganzi, akaingiza vyuma mdomoni.

"Haya shemeji," nikasema, "endelea na habari za kodi."

"Aaagh."

"Daktari, umesikia? Amekubali."

"Bibi, usinichekeshe, mkono utateleza."

"Na wewe, ukifutiwa deni utabaki kweli?"

"Nimeshapanga nyumba hapa, bibi. Lakini nusu ya mshahara inakwenda kwenye mkopo. Bila mpango siwezi."

Jino likatoka na mizizi yake yote. Shemeji akalitazama kwenye sahani muda mrefu, kama anamtambua ndugu.

Mchana kikaoni, sisi wananchi tulikaa viti vya nyuma. Mwenyekiti akamwita shemeji aeleze kwa nini mpango ufutwe. Akasimama, pamba mdomoni, mdomo wa chini umelegea.

"Mwefefiti," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Akaketi. Wanaounga mkono mpango walipoambiwa wanyooshe mikono, wa kwake ukapanda taratibu, na madiwani waliomfuata siku zote wakapandisha yao. Mpango ukapita.

Nje nikamshika kiwiko. "Na mwanao utamwambia nini?"

Akatoa pamba. "Nitamwambia yamebaki meno mawili mabovu, na fundi baiskeli bado yu hai."