Kibao cha Pasco

Haya ni kweli tupu, na mkinishika na uongo hata mmoja, bia ya meza nzima ni juu yangu. Ndivyo nilivyowaapia wapangaji wenzangu. Mama Morwenna, mwenye nyumba, alikuwa jikoni anapakua supu. Nilidhani hasikii.

Pale kwenye mgodi wa fedha wa Bwana Strode, nikawaambia, kila mchimbaji alikuwa na kibao chake cha shaba. Akishuka, kinatundikwa safu ya chini ya ubao ulio mdomoni mwa shimo. Akipanda, safu ya juu. Siku ya uchaguzi Strode anagombea ugavana, na watu wote wameamriwa wapande wakampigie kura kwa karatasi ya njano. Pasco, mume wa huyuhuyu Mama Morwenna, akasema afadhali achimbe. Akabaki shimoni peke yake. Msimamizi akaona aibu ya kukosa kura moja: akaipiga yeye kwa jina la Pasco, kisha akamwambia mtunza vibao akipandishe kibao cha Pasco. Mtunza vibao, Fintan, Mwairishi mwenye chongo, akakipandisha.

Saa nane moshi ukatoka shimoni. Strode akatazama ubao: safu ya chini tupu. Akaamuru mdomo wa shimo uzibwe kwa mbao na udongo, moto ukose hewa, fedha yake isalimike.

Mama Morwenna alifika mbio, akaanza kuukwangua udongo kwa kucha. Akasema mumewe hajarudi, hata kopo lake la chakula halijarudi.

“Mama, mumeo amepiga kura saa nne,” Strode alimjibu taratibu. “Jina lake limeandikwa. Mtu aliye shimoni anapigaje kura?”

“Basi yuko wapi?”

“Kaulize kwenye vilabu.”

Bomba la hewa likagongwa kutoka chini, mara tatu. Strode akasema ni mvuke. Bendi yake ya kampeni ikaendelea kupiga.

Nilipofika hapo katika hadithi yangu, Mama Morwenna alikuwa amesimama mlangoni na upawa wake.

“Fintan chongo jicho gani?”

“La kushoto.”

“Mwaka jana lilikuwa la kulia.”

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

“Na juzi ulipougua homa,” akasema, “ulikuwa unaomba usingizini uruhusiwe kukishusha kibao. Mgodi ule haujapata kuwa na Fintan, mzee wangu.”

Kicheko kikakatika. Nikatoa pesa, jagi likaja. Mama Morwenna akaongeza glasi moja mbele ya kiti kitupu.

“Na ya Pasco.”

Nikamimina. Tukakaa tukitazama povu likishuka.

Ukutani, katika picha ya serikali, Gavana Strode alikuwa anatabasamu.