Kipengele cha Kumi na Nne

...na kipengele cha kumi na nne kinataka faida, eleza faida za kusoma nchi jirani, mistari mitatu, kijazwe na mdhamini aliyewahi kusoma huko, mdhamini ndiye mimi na kalamu ni yangu pia, ya ofisi imefungwa kwa kamba fupi hata haifiki kwenye karatasi, karani ameinuka kutafuta wino wa muhuri, kasema dakika mbili, dakika mbili za serikali, na mdogo wangu hapa kwenye benchi ananisukuma kwa kiwiko, "Dada, andika tu ni karibu," karibu, ndiyo, hata mimi nilipoondoka waliniambia hivyo, shangazi alisema ukipiga chafya huko sisi huku tutakupa pole, safari ya saa kumi na moja kwa basi, mpakani unagongewa pasipoti na mtu anayepiga miayo, walimu wazuri, maabara ina vifaa na vifaa vina umeme, haya yote ni kweli na yangejaa mistari mitatu bila taabu... sasa anauliza habari za godoro, kama bwenini wanatoa au mtu abebe lake, wanatoa, lina bonde katikati kama mtumbwi, nililalia miaka mitatu, na mwaka wa mwisho kila Jumapili nikimpigia baba, nipe mama niongee naye, mama katoka kidogo, Jumapili ya pili, mama yuko bafuni, nikasema siku hizi mama anaoga sana, baba akacheka, alicheka, mama ana siku tisa kaburini na yeye akacheka, kwa sababu ukoo ulikaa kikao ukapitisha kwamba mtoto ana mitihani asiambiwe, sijawahi kuona kikao chetu kikikubaliana jambo haraka namna ile, hata majirani walitunza siri, watu wasioweza kutunza hata ndoo ya kuazima, nami nikafaulu, nikarudi na viatu vya mama kwenye begi, namba yake kabisa, kaburi limeshaota nyasi... ningekuwa ng'ambo ya bahari ningewasamehe, ningesema viza, ningesema ndege, lakini safari ya saa kumi na moja tu, ningepanda basi la asubuhi nikawahi mazishi, ukaribu wenyewe ndio unaouma... anasema akifika atapiga simu kila Jumapili, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na Jumanne baba alitoka kwa daktari na bahasha, akaniita jikoni akafunga mlango, figo zote mbili, akasema, "Mdogo wako asijue mpaka azoee shule," nikaitika ndiyo baba, upesi, bila hata kukaa kikao, nimekuwa ukoo mzima peke yangu, na nikaanza kupanga, Jumapili ya kwanza nitasema katoka kidogo... "Dada, umeandika?" naandika, mstari wa kwanza, ni karibu, mstari wa pili, maabara ina umeme, wa tatu mkono unasita, kisha unaandika kwa herufi za kiofisi, habari za nyumbani humfikia mwanafunzi siku hiyohiyo, naweka sahihi, sasa nimejidhamini mwenyewe, karani bado anafungua droo na kuzifunga, mdogo wangu ananyoosha shingo na mimi sifuniki karatasi, anasoma polepole, kiwiko chake kimetulia, "Habari gani, dada?"