Mistari Mifu

Matanga ya Zacharie yalipomalizika, ndugu zake walikuja na mkokoteni, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, Évariste. Walibeba kitanda, friji, televisheni, hata pasi, kwa kuwa kwao mali ya marehemu hurudi ukooni na mjane huachiwa watoto na sufuria. Georgette aliwatazama akiwa mlangoni. Hakulia, machozi aliyamaliza makaburini.

Ikabaki kompyuta. Évariste akaiwasha. Kioo kikaonyesha mistari mitatu, kila mmoja umeandikwa Windows, na chini yake sekunde thelathini zikipungua. Zacharie alikuwa na tabia ya kuweka Windows mpya juu ya mashine ileile. Za zamani alizifuta kwenye diski, majina yao yakabaki kwenye orodha. Anayejua hushusha mshale hadi mstari wa tatu. Asiyejua husubiri, na mashine huingia yenyewe mstari wa kwanza, ambao nyuma yake hamna kitu. Évariste alisubiri, mikono kifuani. Kioo kikawa cheusi, kikatema maandishi meupe.

“Hii nayo imekufa,” alisema. “Tuache.”

Georgette alijua habari ya mshale. Akafunga mdomo.

Mdomo huo uliofungwa uliwalisha watoto watatu kwa miaka miwili. Katika chumba cha mbele, mtaani Mangobo, Kisangani, aliandika kazi za wanafunzi, barua za maombi, programu za arusi. Ile diploma ya ukatibu ambayo mawifi waliicheka ndiyo iliyonunua mihogo na daftari.

Lakini umeme wa Mangobo hukatika mara sita kwa siku. Kila uliporudi, mashine ilianza upya, na Benie, binti yake mkubwa aliyemsaidia, akigeuka tu kumjibu mteja, sekunde zilikuwa zimekwisha. Wanafunzi wakaanza kusema kwamba mashine ya Mama Benie ni mbovu. Siku Georgette alipopoteza wateja wawili kabla ya saa sita mchana, alimwita Daudi, fundi wa karibu na soko.

Daudi aliingia kwa mstari wa tatu, akafungua dirisha dogo la mipangilio ya kuwasha, akaufanya huo kuwa wa kuanzia. Kisha akauchagua ule wa kwanza, akageuka.

“Mama, nifute?”

Georgette akasita. Mstari ule ndio uliokuwa ukuta wake. Lakini miaka miwili ilikuwa imepita, na Évariste hakuwahi kuleta hata kilo ya mchele. Ukuta unaofukuza wateja ni wa kazi gani?

“Futa yote mbili,” alisema.

Mashine ikawaka bila kuuliza kitu. Alichosahau Georgette ni kwamba fundi wa Kisangani hatundiki kibao. Hujitangaza kwa majina ya watu. Kwa moyo mweupe kabisa, Daudi alizunguka sokoni akieleza jinsi alivyofufua mashine ya marehemu Zacharie. Jumatatu habari ilimfikia Évariste. Jumatano Évariste akafika.

Hakuketi. Aliibonyeza mwenyewe, kama siku ile. Hapakuwa na mistari wala sekunde. Picha ya Zacharie, katika shati lake jeupe, ikajaa kiooni, akicheka.

“Kumbe imepona, shemeji. Bon. Ni kitu ya mudogo wangu, irudi kwa familia.”

“Ndiyo inalisha watoto ya mudogo wako.”

“Watoto nao ni ya familia,” alijibu Évariste kwa upole.

Georgette alimwelewa. Akigombania mashine leo, kesho Évariste atakuja kuwachukua watoto.

Évariste alitoka kutafuta toleka, baiskeli ya kukodi, ya kubebea mzigo. Georgette akabaki na dakika chache na mashine. Dirisha lile la Daudi alilikumbuka vizuri. Angeweza kuivuruga isiwake tena. Lakini ndani mlikuwa na kazi za wanafunzi kumi na mmoja, ambazo wangezitetea mbele ya walimu mwezi huo. Akachomeka flashi, akanakili moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipokamilika, mlango ukafunguka. Picha ya mumewe hakuiwahi.

Évariste aliifunga mashine kwa kitenge, kitenge cha Georgette, akainyanyua. Kizingitini akageuka.

“Kuiwasha, kuko siri yoyote?”

“Hakuna,” alisema Georgette. “Siku hizi inawaka yenyewe.”